Cherehani Kumi na Mbili Juu ya Paa la Mpira

Nimestaafu. Nina miaka ishirini na sita, nina mtoto anayenyonya, na nimestaafu. Wanawake wenzangu wa hosteli wanasema mtu wa umri wangu hastaafu, hufukuzwa. Haya, nimefukuzwa. Lakini kazi niliifanya, tena niliifanya vizuri mpaka siku niliyoifanya vibaya, na kuna mambo ambayo ninyi mnaoanza kukagua mizigo hapa Guangzhou hamtafundishwa na mtu. Ndiyo maana naandika. Habari za vyeo na mshahara nitaziruka. Cheo sikuwa nacho, na mshahara hata aliyekuwa akinilipa hakupenda kuuzungumzia.

Nilikuja China kumfuata mume wangu, Idrisa, aliyepata skolashipu ya uhandisi, tukapewa chumba kwenye hosteli ya chuo. Mimi nimeishia kidato cha nne, Tanga. Kichina sikukisomea. Nilikiokota kwenye soko la vitambaa la Zhongda nikigombea bei na wenye maduka. Kichina cha sokoni kinakuwezesha kumsifu mtu, kumtukana na kumkatalia. Neno "meiyou", yaani hakuna, nililijua kabla sijajua kusema asante. Siku moja Hajji Mbaraka, mfanyabiashara wa Kariakoo, alinisikia nikimwambia mwenye duka kwamba kitambaa chake kitachuja hata kwa jasho. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaniuliza kama nataka kazi.

"Kazi gani, Hajji?"

"Kazi ya kubisha. Si unaipenda?"

Hajji siku zote alikuwa mtu wa mikoba ya Shiling, mji wa mafundi wa ngozi nje ya Guangzhou, na majora ya vitambaa. Mwaka ule Hong Kong iliporudishwa China, alipata oda mpya kutoka kampuni moja ya utalii Arusha: matrela ya kulala. Ni chumba kidogo chenye magurudumu, kitanda, jiko na madirisha. Kinavutwa na gari hadi mbugani, mtalii analala humo simba wakinguruma nje. Paa lake ni plaiwudi, na juu ya plaiwudi hubandikwa shuka ya mpira, kipande kimoja kutoka mbele hadi nyuma. Mpira ukishika sawasawa, mvua haina njia. Ukikosewa, mtalii analowa kitandani, na mtalii aliyelowa huandika barua. Kiwanda kilikuwa njia ya kwendea Shiling. Hajji alitaka mtu wa kusimama pale kila siku aangalie mapaa yanavyofanywa, maana yeye magoti yake na ngazi hawasalimiani.

Siku ya kwanza nilifika na binti yangu Salma mgongoni, ana miezi mitano. Mlinzi wa geti akasema watoto hawaingii. Nikamwambia basi na mimi siingii, na matrela yasipokaguliwa hayatoki, achague. Tulibishana pale mpaka akatoka mwanamke mfupi, nywele kazikata kama askari, kucha zimejaa gundi kavu. Alimtazama Salma, mimi hakunitazama.

"Ananyonya saa ngapi?"

"Akitaka."

"Basi paa litasubiri akitaka. Ingia."

Huyo ndiye Sifu Liang. Sifu ni fundi mkuu, anayefundisha wengine. Miaka mingi alifanya kazi kiwanda cha serikali cha mabuti ya mpira. Kikapunguza watu, naye akapunguzwa. Alikuwa mjane, karibu miaka hamsini, analala kwenye chumba cha kiwanda pamoja na mjukuu wake wa kike anayesoma shule ya jirani. Habari hiyo alinieleza mara moja tu, kama mtu anayesoma maandishi kwenye katoni.

Nikapanda ngazi, nikakanyaga paa na viatu. Mpini wa rola ukanigonga kisigino.

"Vua! Kokoto moja kwenye soli yako ni tundu moja kwenye kazi yangu."

Tangu siku hiyo nimekagua mapaa yote kwa soksi. Na ninyi vueni viatu. Wenzenu watawacheka, waacheni wacheke.

Sifu alinifundisha kwa kunikaripia. Kabla mpira haujatandikwa, unapitisha viganja vyako vitupu juu ya plaiwudi yote, inchi kwa inchi, ukitafuta pini iliyosimama. Jicho halioni pini, kiganja kinaona. Pini moja iliyoachwa itakaa chini ya mpira inaudunga kila trela likirukaruka njiani, mpaka siku utoboke. Halafu unafuta unga mweupe ambao mpira huja nao kutoka kiwandani kwake, maana gundi ikipakwa juu ya unga inaushika unga, haiushiki mpira. Gundi unaipaka, unasubiri. Unaigusa kwa kidole. Ikikifuata kidole, bado. Ikikishika kidogo na kukiachia, tandika. Rola inaanzia katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Kingo zinakunjwa chini, zinabanwa kwa ukanda wa alumini na skrubu. Na pale matundu ya hewa yanapotokea juu ya paa, unaziba kwa dawa yake maalumu, si silikoni. Silikoni haishiki kwenye mpira huu, inajifanya tu kushika.

Silikoni iliniumiza kichwa. Trela la kwanza kabisa lilivuja, na hatukujua wapi. Tulimwagia maji kwa mpira wa bustani, mimi nikiwa ndani nimelala chali kitandani namnyonyesha Salma huku natazama dari. Tone lilikuwa linaanguka juu ya jiko. Tukafumua upande wa jiko, hakuna kitu. Siku ya tatu Sifu akaingia na unga wa talki wa mtoto, wa Salma, akaupaka dari yote bila kuniomba. Tukamwaga maji tena. Maji yakachora mstari kwenye unga, kutoka tundu la hewa mbele kabisa, yakitembea juu ya dari mpaka jikoni. Fundi mmoja alikuwa ameishiwa dawa akaweka silikoni. Sifu hakumpigia kelele. Alimpa kisu, akamwonyesha paa.

"Maji hayaangukii pale yalipoingilia," aliniambia. "Usiliamini tone."

"Na talki ya mwanangu?"

"Mwanao ni mkaguzi sasa. Kila mkaguzi anachangia."

Kwa miezi kadhaa niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyokuwa tayari kukubali. Idrisa akiniuliza jioni nimefanya nini, nilikuwa namweleza gundi mpaka anasinzia.

Sasa nafika kwenye kosa. Nalieleza lote.

Wafanyabiashara wetu wana tabia moja ambayo kila mtu wa hapa anaijua. Hawasafirishi nafasi tupu. Kontena likifungwa na bado mkono unaweza kupita mahali, wanaona kama wameibiwa. Ndani ya buti wanaweka soksi, ndani ya sufuria wanaweka vijiko, ndani ya friji wanaweka mikoba. Hajji alikuwa bingwa wao. "Hewa hata Dar ipo," alikuwa anasema. "Mimi nipeleke hewa?" Na kuna desturi nyingine iliyopanda mgongoni mwa hiyo: kila aliyemfanyia Hajji kazi mwezi huo alipewa kijisehemu kwenye kontena aweke chake cha kupeleka nyumbani. Ni wema. Siutukani. Watu wengi wamejengewa maisha na vijisehemu hivyo.

Matrela matatu ya mwanzo yalipokuwa tayari, tulivua magurudumu ili yapite mlangoni mwa kontena, tukayakalisha juu ya magogo. Yakabaki na pengo juu, kati ya paa la trela na dari ya kontena. Hajji aliliona pengo lile kwa macho ya mtu aliyemwona jamaa yake waliyepoteana miaka mingi.

Sifu naye aliliona. Alinijia mlangoni mwa kontena akifuta mikono.

"Pale juu mtaweka nini?"

"Vitambaa tu, Sifu."

"Hakuna chuma? Hakuna chenye mafuta?"

"Vitambaa."

Aliniamini. Akageuka, akarudi kwenye paa lingine.

Nilijua. Kwenye lori nje kulikuwa na cherehani kumi na mbili za kichwa kitupu, bila meza, kila moja kwenye katoni yake. Mnazijua zinavyouzwa: zimepakwa mafuta mazito zisishike kutu baharini, zimefungwa karatasi, na katoni chini ina doa hata kabla hujainunua. Salma alikuwa na homa, analia tangu asubuhi. Dereva anapiga honi. Nikisema cherehani, Sifu atasimamisha kila kitu, Hajji atapandisha sauti, na nitakaa pale mpaka jua lizame. Hizo ndizo sababu zangu, na ni za kweli. Lakini ipo na hii: moja kati ya zile cherehani ilikuwa yangu. Kijisehemu changu. Ilikuwa inakwenda Tanga kwa mdogo wangu Mwanaidi, aliyekuwa amemaliza kujifunza kushona na anashonea kwenye mashine ya watu.

Wapakiaji wakaweka cherehani nne juu ya kila paa, wakafunika kwa majora ya vitambaa, wakafunga mlango. Hivyo nilikuwa nimesema kweli nusu. Vitambaa vilikuwepo.

Baada ya miezi miwili hivi Hajji aliniita ofisini kwake barabara ya Huanshi Zhonglu, chumba kimoja juu ya mgahawa, kinanuka pilau kuanzia saa nne. Mezani kulikuwa na picha kutoka Dar. Mapaa yote matatu yalikuwa yametoka malengelenge. Mpira umevimba, umelegea, umeachana na ubao. Trela moja mvua ilikuwa imeshaingia ndani hadi kwenye godoro. Kampuni ya Arusha ilikuwa imeyakataa.

"Gundi," alisema Hajji. "Yule mama yako wa Kichina amechanganya gundi vibaya."

Nilizitazama picha. Nimeona malengelenge ya gundi mbaya. Yanakuwa ya mviringo, yametawanyika ovyo, mengine kama sarafu, mengine kama sahani. Haya yalikuwa na pembe. Manne kila paa, yamejipanga, ukubwa mmoja.

"Hajji, pale juu tuliweka nini?"

"Vitambaa."

"Na cherehani."

"Cherehani ni chuma. Chuma kinafanya nini mpira?"

"Chuma hakifanyi kitu. Mafuta yake ndiyo yanayofanya."

Akasogeza karatasi mbele yangu. Ilikuwa imeshaandikwa, Kiingereza juu, Kichina chini: mkaguzi anathibitisha kwamba mapaa yameharibika kwa uzembe wa fundi kwenye kuchanganya gundi. Chini kulikuwa na nafasi ya jina langu. Kiwanda kikikubali, kitatengeneza mapaa mapya. Nikamuuliza Hajji, na Sifu atakuwaje?

"Meneja Guo wa kiwanda amesema ukisaini, anaondoka siku hiyohiyo. Na chumba anaacha." Hajji hakuwa anafurahia. Alikuwa anakunjakunja pembe ya karatasi. "Mama Salma, mimi si mtu mbaya. Nikilibeba hili mimi, biashara imekwisha, na watu wangapi wanakula kwangu? Kiwanda ni kikubwa."

"Sifu Liang si kiwanda."

"Wewe una mtoto anayenyonya, kichwa chako hakijatulia. Nenda, pumzika, urudi Ijumaa usaini."

Hapo ndipo nilipowaka. Kwamba nimechoka, ni kweli. Kwamba nanyonyesha, ni kweli. Lakini nimekagua mapaa yake kwa kiganja hikihiki nikiwa nimembeba mtoto huyuhuyu, na hakuwahi kusema kichwa changu hakijatulia mpaka kilipofikiri. Niliteremka ngazi za ofisi ile nikisema maneno ambayo Salma, namshukuru Mungu, bado hayajui. Na nusu ya maneno hayo nilikuwa najitukana mwenyewe.

Nyumbani nilikuwa na mabaki ya mpira. Kila mkaguzi awe nayo, yanafaa kwa mambo mengi. Nikakata vipande viwili sawa, ukubwa wa kiganja cha Salma. Kimoja nikakiacha kikavu. Kingine nikakilaza kwenye kifuniko cha sufuria, nikamimina mafuta ya cherehani niliyoyaomba kwa jirani mshonaji. Nikaviweka dirishani juani. Idrisa akauliza hicho ni chakula gani. Siku ya nne kile cha mafuta kilikuwa kimekuwa kikubwa kuliko mwenzake, kinene, kimejikunja kama sikio, ukikivuta kinalegea kama ubani uliotafunwa. Kile kikavu kilikuwa kama kilivyokuwa.

Ijumaa tulikutana ofisini kwa Meneja Guo. Hajji alikaa, meneja alikaa, mimi nilikaa na Salma mapajani. Sifu Liang alisimama karibu na mlango kwa sababu hakuna aliyempa kiti. Alikuwa amevaa shati safi. Lile shati lilinivunja moyo kuliko kitu chochote: mtu amepiga pasi ili aje afukuzwe.

"Weka sahihi, mwanangu, tuwahi barabara," Hajji alinong'ona kwa Kiswahili.

Nikatoa vile vipande viwili nikavilaza juu ya karatasi. Nikasema kwa Kichina changu cha sokoni, polepole, ili hata mimi nijielewe.

"Meneja, hiki ni mpira wenu. Na hiki ni mpira wenu uleule, umekaa siku nne kwenye mafuta ya cherehani. Gundi ilikuwa nzuri. Tuliweka cherehani kumi na mbili juu ya mapaa. Sifu aliniuliza, mimi nikamwambia ni vitambaa. Nilimdanganya."

Meneja alikivuta kile kipande kinene. Akakinusa. Akamtazama Sifu, kisha Hajji.

"Laoban Mbaraka," alisema, maana kwao bosi huitwa hivyo, "cherehani?"

Hajji alisogeza kiti. Alinigeukia mimi, sauti imeshuka kabisa. "Na yako ilikuwemo."

"Ndiyo. Na yangu ilikuwemo."

"Basi kwangu umemaliza."

"Najua, Hajji."

Nikamwambia Meneja Guo hilo nalo, la cherehani yangu, ili lisije likasemwa baadaye na mtu mwingine kwa utamu zaidi. Meneja alikunja ile karatasi ya Hajji, akamrudishia. Akamwambia Sifu, "Rudi kazini." Hakumwomba radhi, hata kiti hakumpa.

Hajji aliondoka na teksi, sikupanda naye. Namsikitikia, na hasira yangu haijaisha, yote mawili kwa pamoja. Matrela yake yalikuwa Dar, yameharibika, na kule hakuna fundi aliyewahi kuugusa mpira ule.

Nilikuwa namfunga Salma mgongoni pale uani Sifu aliponifikia. Nilijiandaa kushukuriwa, mjinga mimi.

"Ulisema vitambaa," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuuliza mara mbili."

"Mara mbili, Sifu. Samahani." Neno hilo kwa Kichina sokoni hawakuwahi kunifundisha. Nilikuwa nimelisoma kwenye kitabu cha Idrisa usiku uliopita na sijui kama nililitamka sawa.

Alikaa kwenye gogo, akang'oa gundi kwenye kucha ya dole gumba. Nikadhani amemaliza na mimi, nikaanza kwenda.

"Una kalamu?" aliuliza.

"Ninayo."

"Kaa. Mafundi wenu huko watafanya nini sasa? Watabandika kiraka juu ya uvimbe. Andika."

Nikakaa, nikaandika. Yeye anasema Kichina, mimi naandika Kiswahili kwenye mgongo wa fomu ya ukaguzi. Mpira ulioshika mafuta haufutiki, haukaushwi. Ukatwe wote, hadi kiganja kizima nje ya uvimbe. Ubao uliolowa mafuta nao utolewe. Kiraka kikatwe pembe za mviringo, kisiwe na ncha kali, maana ncha ndizo zinazoanza kubanduka. Mpira uliobaki ufutwe kwa maji ya sabuni, kamwe si petroli, kamwe si mafuta ya taa. Gundi ipakwe pande zote mbili. Wasubiri. "Andika wasubiri mara mbili," alisema. "Wanaume hawasubiri." Nikaandika mara mbili. Fomu tatu zilijaa, Salma akalala, akaamka, akanyonya, na Sifu bado anasema.

"Na wakikwama," alimalizia, "wasiweke silikoni. Waniulize."

"Watakuulizaje, Sifu? Hawajui Kichina."

"Watakuuliza wewe, wewe utaniuliza mimi."

"Mimi sina kazi tena. Umesikia mwenyewe."

"Nimesema watakuuliza," alijibu, akinyanyuka na kupangusa suruali. "Sijasema una kazi."

Kwa hiyo ninyi mnaopanda ngazi sasa, mkikwama, njooni hosteli mniulize. Nitakuwepo.